Nina miaka 36, nashuku nina ADHD (tatizo la kukosa umakini na kutotulia). Mtu mzima anachunguzwaje hasa?

WakalaTabata

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba ushauri wa wenye uelewa au waliopitia. Nitaeleza kwa kirefu kidogo ili anayejibu ajue anamjibu nani.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, naishi Tabata, ni wakala wa forodha katika kampuni ndogo hapa Dar. Kazi naipenda na naijua. Mteja akiniletea nyaraka, naweza kumwambia papo hapo wapi ankara haikubaliani na orodha ya mzigo na kontena litakwamia wapi. Siku mambo yamevurugika, mteja anapiga kelele na meneja ameshika kichwa, mimi ndiye ninayeitwa, na siku hiyo nafanya kazi vizuri kuliko wote. Shida yangu ni siku za kawaida. Nafungua mfumo kuingiza tamko la mzigo, nakumbuka sijamjibu mteja wa Lubumbashi, nachukua simu nimjibu, nakuta ujumbe mwingine, naufuata huo, na ikifika saa tisa alasiri tamko liko palepale nilipoliacha asubuhi. Hivi karibuni D.O. ya mteja, ile hati ya kuruhusu mzigo utolewe, ilikaa kwenye mkoba wangu, imeshalipiwa kila kitu, mpaka gharama za storeji zikaanza kuhesabiwa. Nilikuwa nauona mkoba ule kila siku. Pesa ilikatwa kwenye mshahara wangu.

Nyumbani ni hivyohivyo. Umeme unakatika kwa Luku kuisha na pesa ipo kwenye simu. Maharage yanaungua nikiwa jikoni humohumo. Ada ya mtoto nalipa kwa faini si kwa sababu sina, bali kwa sababu tarehe imepita. Mtu akinieleza jambo refu, katikati akili inaondoka, nikirudi nakuta ananisubiri nijibu. Na mimi mwenyewe namkatiza mtu kabla hajamaliza, nikihofia nitasahau ninachotaka kusema. Mume wangu ni mvumilivu, ila amechoka. Juzi aliniambia kwa upole kabisa, "Mama Nuru, mimi sijui kama hunisikii au hunijali," na tangu siku ile sina amani.

Mdogo wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Alikwenda semina ya watoto wenye mahitaji maalumu, wakafundishwa habari za ADHD, akanipigia wakiwa bado mapumziko ya chai: "Dada, hawa wanakusimulia wewe." Nikatafuta lile dodoso fupi la Shirika la Afya Duniani la watu wazima, lenye maswali sita. Majibu matano yakaangukia kwenye visanduku vyenye kivuli.

Nikaenda hospitali moja ya binafsi. Daktari akaniambia ADHD ni ya watoto na ukubwani inaisha yenyewe, akaniandikia vitamini. Kisha kuna tangazo linanifuata mtandaoni la watu wanaopima mawimbi ya ubongo na kutoa jibu siku hiyohiyo, na bei yake si ya mchezo. Kabla sijatoa pesa nauliza: mtu mzima anachunguzwaje? Kuna kipimo? Na mimi shuleni nilikuwa nafaulu, nimefika chuo, je hilo peke yake halinitoi? Naomba majibu ya kweli.

---

MzeeWaKigamboni

Mwanangu, pole kwa hayo. Niwie radhi, nasema ninavyoona. Sisi tulisoma na watoto hawatulii, walichapwa na wakawa watu. Magonjwa haya ya majina ya herufi tumeyaanza kuyasikia baada ya simu hizi. Simu inalia mara mia kwa siku, nani atatulia? Kazi ya bandari nayo ni kazi ya presha. Weka simu mbali, lala mapema, simamisha sala zako kwa wakati, uwe na daftari moja la kuandika kila kitu. Nahofia ukiingia hospitali utatoka na dawa za maisha kwa jambo ambalo ni la mazoea.

---

NesiMstaafu

WakalaTabata mwanangu, pole sana. Nimefanya kazi kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa sehemu kubwa ya utumishi wangu, sasa nimestaafu na niko zangu Moshi. Sitakuambia unayo au huna, na asitokee mtu hapa akakuambia hivyo kwa kusoma maandishi yako. Ila naweza kukueleza daktari anatafuta nini, maana nimewaona wengi wakifika kliniki bila kujua wataulizwa nini, wanajibu "ndiyo, ndiyo, ndiyo" na kutoka bila msaada.

Pesa ya mawimbi ya ubongo iache mfukoni. ADHD haina kipimo cha damu. Haina picha ya CT wala MRI ya kuithibitisha. Kipimo cha mawimbi ya ubongo kina kazi yake ya maana, hasa kwenye kifafa, lakini hakuna daktari makini atakayekuambia una ADHD au huna kwa sababu ya mistari ile. Anayekupa jibu siku hiyohiyo kwa mashine anakuuzia karatasi.

Uchunguzi wenyewe ni mazungumzo marefu na ushahidi. Nitakueleza vigezo vya Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, toleo la tano la mwongozo wao, la mwaka 2013, maana ndivyo vinavyotumika sehemu nyingi. Kuna dalili tisa za kukosa umakini, na tisa za kutotulia na kufanya mambo kabla ya kufikiri. Mtoto anatakiwa awe na angalau sita katika kundi mojawapo. Kuanzia miaka 17 zinatosha tano, kwa sababu ilionekana kwamba mtu akikua dalili hupungua kwa hesabu huku madhara yakibaki. Ziwe zimedumu miezi sita au zaidi, ziwe zinaonekana sehemu mbili au zaidi za maisha, si kazini tu au nyumbani tu, na ziwe zinamharibia mtu mambo yake. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022, ile ya 11, haihesabu dalili namna hiyo, ila inataka mambo yaleyale: ya muda mrefu, yaliyoanza utotoni, yanayoharibu maisha.

Sasa shika hili kuliko mengine yote. Baadhi ya dalili lazima ziwe zilikuwepo kabla ya miaka 12. Zamani ilikuwa miaka 7, wakaona ni kuwaonea watu, hakuna mtu mzima anayekumbuka vizuri darasa la kwanza. Kwa hiyo swali kubwa la daktari si "unasahau?" Kila mtu anasahau. Swali ni "ulikuwaje ulipokuwa darasa la tatu?" Mtu ambaye akili yake ilikuwa imetulia mpaka miaka 29 kisha ikaanza kutawanyika, anastahili uchunguzi wa kina, lakini daktari atatafuta kitu kingine: sonona, tezi ya shingo, ajali ya bodaboda iliyompiga kichwa, msiba ambao haujaliliwa, usingizi mbovu.

Kuhusu kufaulu shuleni, hilo halikutoi. Nikuulize wewe: ulisoma bweni? Mtoto mwerevu aliye bweni anaamshwa kwa kengele, anakula kwa kengele, prepo kwa kengele, na matroni anamkumbusha sare. Maisha yanampangia kila kitu. Akifika chuo, akapanga chumba chake mwenyewe, au akaolewa na sasa yeye ndiye wa kukumbuka ada, gesi, kliniki ya mtoto na mgeni wa Jumamosi, ndipo panapobomoka. Na watoto wa kike wamepitwa zaidi. Mvulana anayepanda madirisha anaitiwa mzazi. Msichana aliyekaa kimya dawati la nyuma anaangalia nje, hakuna anayemsumbua kwa sababu hasumbui mtu. Ukubwani ule utukutu wa mwili mara nyingi hugeuka kuwa wa ndani: mtu amekaa kikaoni ametulia, lakini ndani anahisi kama anakimbizwa.

Kwa hiyo kabla hujaenda, tafuta ripoti zako za shule. Alama hazina maana sana hapa. Soma ule mstari wa chini wa maoni ya mwalimu wa darasa, ambao wazazi wetu hawakuusoma. "Ana uwezo ila hamalizi kazi." "Azidishe utulivu." "Anapoteza madaftari." Mstari wa aina hiyo ukijirudia tangu darasa la pili hadi la sita, kwa mikono ya walimu tofauti, daktari anaushika kama ushahidi, kwa sababu uliandikwa na mtu asiyejua kwamba miaka 25 baadaye utasomwa. Kisha mlete mtu aliyekujua ukiwa mtoto, na mlete mumeo. Wagonjwa wanajisahau hata namna wanavyosahau.

Lile dodoso la maswali sita ni zuri, lakini kazi yake ni kuchuja tu. Majibu manne au zaidi kwenye kivuli yanasema "huyu aende akachunguzwe", basi. Mtu mwenye wasiwasi mkubwa, au mama anayenyonyesha asiyelala, anaweza kuangukia kwenye kivuli vilevile.

Nilifanya kazi na daktari mmoja ambaye hakuwa anauliza "je, unaahirisha mambo?" Alikuwa anasema, "Nisimulie jana, tangu ulipofumbua macho." Halafu ananyamaza. Mgonjwa anaanza: niliamka, nikaweka maji jikoni nioge, nikaona shati halijapigwa pasi, nikatafuta pasi, nikakuta droo imejaa risiti nikaanza kuzipanga... maji yakakauka. Daktari anamwacha aende. Baada ya hapo anauliza, "Na juzi? Na ulipokuwa unakaa kwa wazazi, asubuhi ilikuwaje?" Mtu akisimulia namna hiyo huoni haja ya kubishana kuhusu majina. Nakuomba ukienda, usiseme "nina ADHD". Peleka simulizi la mkoba na D.O., la maharage, la Luku. Umeyaandika vizuri hapa, yaandike kwenye karatasi uende nayo.

Daktari mzuri pia atakupima ili kuondoa mengine. Wingi wa damu, maana upungufu wa damu humchosha mwanamke mpaka akili inafifia. Tezi ya shingo. Shinikizo la damu na mapigo ya moyo. Atauliza kama unakoroma au unakatikiwa na pumzi usiku. Atauliza pombe na bangi, jibu kweli. Atauliza kama umewahi kuwa na vipindi vya furaha iliyopita kiasi, hulali na huchoki, unatumia pesa ovyo, kisha vinaisha unarudi kawaida. Hilo ni muhimu mno. Ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, baipola, huja kwa vipindi, wakati ADHD iko nawe kila siku ya mwaka. Na mtu wa baipola akipewa kichangamshi, yaani zile dawa za ADHD zinazochangamsha ubongo, kabla hisia hazijatulizwa anaweza kupandishwa vibaya.

Hapo nataja mirungi, kwa sababu nawajua watu wangu. Mirungi ina kathinoni, na hiyo ni ndugu wa amfetamini, kichangamshi kikali. Ndiyo maana mtu akitafuna anahisi akili imekaa mahali pamoja. Wapo wanaokuja kliniki wanasema "gomba linanituliza, kwa hiyo nina ADHD". Sivyo. Vichangamshi humwongezea umakini hata asiye na tatizo lolote, kwa hiyo kusaidika si uthibitisho. Kinachofuata ni kukosa usingizi, presha juu, hamaki nyumbani, na hapa Tanzania ni kosa la jinai. Usijaribu, na kidonge cha mtu mwingine usikiguse.

Mzee wa Kigamboni, mzee mwenzangu, nimekusoma kwa heshima. Daftari moja, kulala mapema na simu kuwekwa mbali ni ushauri ambao hata kliniki tunautoa. Lakini si ugonjwa wa simu. Mwaka 1798 daktari wa Uskoti, Alexander Crichton, aliandika habari za watu wanaozaliwa na umakini usiokaa, wanaovurugwa na kila sauti. Mwaka 1902 George Still aliwahutubia madaktari wenzake London kuhusu watoto wenye akili timamu wasioweza kujizuia. Dawa ya kwanza ilionekana kusaidia mwaka 1937 huko Marekani, Charles Bradley alipowapa watoto wa hospitali yake amfetamini. Jina la upungufu wa umakini liliingia kwenye mwongozo wa Marekani mwaka 1980, na wakati huohuo waliweka nafasi ya watu wazima waliobaki na dalili. Kwa hiyo aliyemwambia mwenzetu kwamba inaisha yenyewe ukubwani amechelewa miaka mingi. Kwa wengine hupungua, hilo kweli. Kwa wengi haiishi.

Na wale wenzako waliochapwa wakawa watu, mzee, mimi niliwapokea baadhi yao kliniki wakiwa na miaka 50. Walikuja kwa ajili ya pombe, au ndoa ya tatu imevunjika, au wamefukuzwa kazi tena. Ukiwauliza utoto wao, kitu cha kwanza wanachokumbuka ni fimbo, na kuambiwa wavivu. Hilo huniuma mpaka leo.

Dawa nitazigusia kidogo tu, maana uchunguzi haujafanyika. Methilfenideti, ambayo ni kichangamshi kinachotumika kwa ADHD, ipo chini ya udhibiti wa mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 wa dawa zinazoathiri akili, kwa hiyo huandikwa na kutolewa kwa masharti, na haipatikani kila duka.  Maombi ya kuiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani yalikataliwa mwaka 2019 na 2021, kamati ikisema ushahidi wa faida na madhara haujaimarika vya kutosha. Nalitaja hili ili ujue kwa nini kuipata kwetu ni safari, na usidhani mfamasia anakunyima kwa roho mbaya. Ipo pia atomoksetini, ambayo si kichangamshi na huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo. Zote zinataka moyo, presha na uzito viangaliwe kwanza. Na yapo mafunzo ya kupanga maisha na mwanasaikolojia, ambayo husaidia mtu mzima akiwa na dawa au bila dawa.

Wapi? Uko Dar, kwa hiyo Muhimbili, idara ya magonjwa ya akili. Wasomaji wa mikoani: KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Mirembe Dodoma. Madaktari bingwa wa akili ni wachache nchini, foleni ipo, lakini wapo. Anzia hospitali ya wilaya au ya mkoa, omba rufaa, na useme wazi unataka tathmini ya umakini ya mtu mzima.

---

DadaWaNjiro

Nesi, Mungu akuweke. Naongeza langu, kwa sababu mimi ni yule wa "miaka 29 kisha ikaanza".

Nilijifungua mtoto wangu wa pili, na baada ya miezi kadhaa akili ikawa kama imefunikwa blanketi. Mimi ni mhasibu. Nilikuwa nasoma safu moja ya tarakimu nafika chini nimesahau juu. Naingia chumbani sijui nimefuata nini. Marafiki walinitumia video za ADHD, na kila nilichosikia kilikuwa mimi. Nikafika kwa daktari nikiwa nimejiamini kabisa. Akaniuliza kuhusu shule ya msingi, nikamwambia nilikuwa kiranja, madaftari yangu walimu walikuwa wanayaonyesha kwa wengine. Akaniuliza kuhusu nywele, kama zinakatika. Kweli. Baridi? Nilikuwa navaa sweta mchana watu wakiwa na fulana. Uzito? Umepanda na sili. Akanishika shingo, akaandika kipimo cha homoni za tezi. Tezi ilikuwa imelegea. Nameza levothairoksini, dawa ya tezi, kila asubuhi kabla ya kula, na safu zangu za tarakimu nazifunga kama zamani.

Sisemi ADHD haipo. Mpwa wangu anayo, na ukimwona huna haja ya kuuliza. Nasema lile swali la "ilianza lini" ndilo lililoniokoa. Wakala, kabla hujafika huko mbali, pima damu na tezi.

---

KakaWaLeicester

Assalaam alaykum wote. Mimi ni Mzanzibari, niko Uingereza miaka mingi, nilichunguzwa nikiwa na miaka 41. Nieleze kwa ufupi jinsi huku wanavyofanya, pengine itakusaidia kujua cha kudai.

Huku mwongozo wa taifa wa mwaka 2018 unasema wazi kwamba ADHD ithibitishwe na mtaalamu aliyefundishwa, na si kwa dodoso peke yake. Daktari wa mtaa anakupa rufaa tu, foleni ni ndefu mno, watu wanasubiri kwa miaka. Siku ilipofika nilikaa na mtaalamu muda mrefu. Alikuwa na mahojiano yaliyopangwa, yalitungwa Uholanzi, yanaitwa DIVA. Anachukua dalili moja moja, zote kumi na nane, na kila moja anauliza mara mbili: sasa ikoje, na ulipokuwa mtoto ilikuwaje. Ukisema "ndiyo" haandiki kitu mpaka umpe mfano. Nilipomwambia napoteza vitu, akauliza kitu gani, lini, nini kilitokea. Unachoka, lakini ukitoka unajua umesikilizwa.

Kilichokuwa kigumu ni mama. Walitaka kuzungumza naye kwa simu, naye yuko Ng'ambo, kule Unguja mjini, hazungumzi Kiingereza. Nilitaka nitafsiri mwenyewe, wakakataa, wakaleta mkalimani, na walikuwa sahihi. Mama alipoulizwa kama nilikuwa mtundu akajibu kwa hasira kidogo, "Mwanangu hana ila." Alidhani wanataka kunishitaki! Mkalimani akabadilisha swali, akamwomba amsimulie nikitumwa dukani ilikuwaje. Hapo mama akafunguka: nikitumwa chumvi narudi na mpira, au sirudi mpaka magharibi, mpaka akawa ananifunga pesa kwenye kitambaa na kunituma na dada yangu. Madrasa nilikuwa nahifadhi sura upesi kuliko wenzangu, lakini juzuu yangu ilipotea kila baada ya muda. Alisimulia kwa nusu saa, mambo mengine mimi mwenyewe sikuwa nayajua.

Kwa hiyo dada, ukimleta mzee wako, usimwache aulizwe "alikuwa na tatizo?" Wazee wetu hawamsemi mtoto wao mbele ya wageni. Mwombe daktari amwambie asimulie.

---

WakalaTabata

Shikamoo Nesi. Nimesoma majibu yote pamoja na mume wangu, tumekaa mpaka usiku. Mzee wa Kigamboni, asante pia, daftari nimenunua.

Nesi, ndiyo, nilisoma bweni, kuanzia kidato cha kwanza. Na chuo ndiko mambo yalikoanza kuharibika. Sikuwahi kuunganisha hayo mawili.

Nilipokwama ni kwa shahidi wa utotoni. Nililelewa na bibi yangu Korogwe mpaka darasa la saba, na bibi ametangulia mbele ya haki. Mama alikuwa Dar anatafuta maisha, alituona sikukuu tu. Mdogo wangu, yule mwalimu, ni mdogo kwangu kwa miaka saba, hawezi kukumbuka. Ripoti za msingi nimepata mbili tu, zilikuwa kwenye sanduku la bibi la vitenge, za darasa la tatu na la tano. Ya darasa la tatu imeandikwa "Mwerevu, ila anaamka dawatini ovyo na hamalizi zoezi." Ya tano: "Apunguze kuota mchana. Amepoteza vitabu vya shule." Je, zinatosha? Na la mwisho, tunatarajia kutafuta mtoto wa pili mwaka huu. Nisubiri?

---

NesiMstaafu

Marahaba mwanangu.

Ripoti mbili za walimu wawili tofauti, zenye maneno ya namna hiyo, ni nyingi kuliko walizonazo wengi. Usizikunje, weka kwenye bahasha, piga na picha. Kwa shahidi, mtafute binamu au shangazi aliyekuwa nyumba ya bibi miaka ile, hata jirani. Mliolala naye chumba kimoja ni bora kuliko mzazi aliyekuwa mbali. Asipopatikana mtu kabisa, uchunguzi haufungwi kwa sababu hiyo. Daktari ataandika kwamba hapakuwa na shahidi, atapima maneno yako na ripoti zako. Mama naye aje tu: ana kumbukumbu za sikukuu, na anaweza kueleza kama yeye au baba yako yuko hivyo, kwa sababu jambo hili hutembea kwenye ukoo kwa nguvu sana. Muulize kwa upole kabla ya kwenda.

Kuhusu mimba, usisubirishe uchunguzi. Ila mwambie daktari siku ya kwanza kabisa kwamba mnatafuta mtoto, kabla hajashika kalamu ya dawa, kwa sababu uamuzi wa kuanza dawa au kuanza na mafunzo peke yake unategemea hilo. Pima damu na tezi sasa hivi hospitali ya wilaya, kama dada wa Njiro alivyosema. Vipimo hivyo unavihitaji kwa ajili ya mimba vilevile, na ukienda navyo Muhimbili utakuwa umeokoa siku. Mumeo aandike karatasi yake mwenyewe, usiisome kabla. Na siku ya miadi mwambie yeye ndiye akukumbushe.

---

WakalaTabata

Nimekuelewa Nesi. Kesho asubuhi naenda hospitali ya Amana kupima damu, mume wangu amechukua ruhusa kazini anipeleke. Binamu yangu wa Korogwe nimempata kwa simu, tulilala kitanda kimoja miaka yote ile. Sikumwambia kitu, nimemwomba tu anisimulie nilivyokuwa nikitumwa kisimani, na ameanza kusimulia kwa ujumbe wa sauti, sasa hivi umefika wa nne.